Chupa ya Mawese kwa Daktari wa Mawazo

"Hiyo hasira unaisikia wapi mwilini?"

Mwanasaikolojia alikuwa amekaa mbele yangu katika chumba cha nyuma cha kituo cha afya cha Rumonge, Burundi, akiuliza kwa upole ambao watu hufundishwa kwenye semina. Nilimwambia ninaisikia kwenye kiti, maana kilikuwa cha plastiki na mguu wake mmoja umepasuka. Akaitikia kwa heshima, kana kwamba kiti ni kiungo cha mwili.

Nilikuwa nimetoka chuo kikuu na shahada na tabia ya kudai ushahidi wa kila kitu. Nikamuuliza nani amethibitisha kwamba maneno yanaponya. Akasema hilo tutalifikia. Wataalamu wa nafsi wana mahali fulani mbali sana ambapo mambo yote yatafikiwa.

Kilichonipeleka kwake ni kwamba siwezi kusubiri. Mtu akiniambia "subiri kidogo", naondoka. Nimeacha mtihani wa mdomo, nimeacha kazi mlangoni mwa mkurugenzi, nimemwacha mchumba aliyekwenda kununua brosheti za nyama. Katika nchi ambayo hata basi dogo la Bujumbura haliondoki mpaka lijae, huo ni ulemavu.

Chanzo nilikijua. Nilipokuwa na miaka minane tulikimbia vita kwenda Tanzania. Ufukweni mwa ziwa, pale Minago, mama alipanda boti na mdogo wangu mgongoni, akaniambia nishike furushi nisubiri. Boti ikaondoka. Mimi nilivuka kesho yake na watu nisiowajua. Tulipokutana kambini alinipa uji, na nyumbani kwetu jambo hilo halikutajwa tena. Mara nyingi nilikusudia kumuuliza kwa nini aliniacha, nikaishia kumuuliza kama kuna chumvi.

Mama aliposikia kuna daktari wa mawazo anayenisikiliza bure, aliona aibu niende mikono mitupu. Akanipa chupa ya mawese, yale anayouza sokoni. Mwanasaikolojia akaikataa. Alisema kanuni za mradi unaomlipa haziruhusu zawadi. Bila shaka kanuni hizo ziliandikwa na watu wasio na mama. Kwetu, anayekataa chakula chako anakuambia jambo moja tu: kwamba umekitia sumu.

Juma lililofuata mama alifika mwenyewe, bila kubisha hodi. Alitusalimu, amahoro, akaketi kwenye kiti changu, akafungua chupa, akamimina mawese kiganjani na kuyalamba yote mbele yetu, kama afanyavyo mwenyeji anayeonja kwanza ili mgeni anywe bila hofu. Kisha akamnyooshea mwanasaikolojia chupa.

Mwanasaikolojia aliutazama mlango. Halafu naye akakinga kiganja, akalamba. Mradi ukawa umeshindwa.

"Sasa tuongee," mama alisema. "Mutoto wangu iko anakwambia nini?"

Akaelezwa kwamba yanayosemwa humo ni siri. Mama alicheka, akauliza siri gani, na dirisha halina kioo, na wanawake waliokuja na watoto wa chanjo wamekaa chini yake. Kweli, huko nje palikuwa na ukimya wa watu wanaosikia vizuri.

Nadharia zangu zote ziliniishia.

"Ninamwambia vile uliniacha Minago," nikasema.

Mama alifunga chupa taratibu. Midomo yake ilikuwa myekundu kwa mafuta, kama ya mtoto aliyekula ovyo.

"Nilikuambia usubiri," alisema. "Na ulisubiri."

Akamshukuru mwanasaikolojia, murakoze, akaiacha chupa mezani, akatoka kuwasalimia wale wa chini ya dirisha, mmoja mmoja, akiwauliza habari za watoto. Mimi nilibaki na hasira ya kutosha vikao vingi, na nilivihudhuria vyote.

Ilipita miaka kabla mama mdogo, dada yake mama aliyekuwa ndani ya boti ile, hajanieleza yaliyosemwa pale majini. Mwenye boti alikubali mzazi na mtoto mmoja tu. Alimuuliza mama ni yupi kati yetu anayeweza kubaki peke yake bila kulia, na mama akanionyesha mimi.