Pikipiki ya Stima ya Mama Ciku

Kwa miaka kumi na moja Magdalene, ambaye wengi humwita Mama Ciku, amebeba maziwa kwa pikipiki kutoka Gatuanyaga hadi mjini Thika. Shule aliiachia darasa la tano, lakini kwa injini ya petroli hakuna fundi wa kumdanganya. Akiisikia ikikohoa tu, anajua ugonjwa.

Ndiyo maana hii ya stima, inayotumia betri badala ya petroli, ilimtia wasiwasi. Haikohoi, haingurumi, utajuaje inaumwa? Binti yake, Ciku, ndiye aliyemletea aijaribu siku tatu, na jioni ya siku ya tatu muuzaji angekuja kuchukua jibu au kuchukua pikipiki yake. Waendesha pikipiki wenzake waliogopa mvua na kupigwa na stima. Yeye aliogopa kukwama njiani na lita sitini za maziwa, huku Njambi wa hoteli akisubiri kupika chai ya saa mbili. Njambi alikuwa ameshamwambia kwamba akichelewa tena, atatafuta mwingine.

Asubuhi ya siku hiyo Magdalene alifunga mtungi wa mwisho kwa Mzee Kimeu, mfugaji anayemuuzia maziwa, akapanda, akazungusha mkono wa moto, ule wa kuongeza mwendo. Kimya. Akazungusha tena. Haikusogea hata inchi.

"Chaji imeisha," alisema. "Nilijua."

Akafanya kile ambacho kila mwendesha pikipiki wa huko hufanya petroli ikimwishia porini. Alishusha mitungi, akailaza pikipiki ubavu, akaitikisa ili tone lililobaki literemke.

Mzee Kimeu aliweka ndoo chini. "Mama Ciku, unatafuta petroli ndani ya betri?"

"Usinicheke, Mzee. Ile yangu ya zamani ilikuwa inaamka hivi."

"Basi ipigepige mgongo kama mtoto, labda itacheua."

Mzee alicheka hadi akashikilia ua wa boma. Kisha akamsaidia kuiinua, na kwa kuwa stendi, chuma cha kuiegemezea, ilikuwa inamkwaruza mguu, akaipiga teke ikajikunja. Magdalene akagusa mkono wa moto, pikipiki ikachomoka na nusura imwache.

Wakatazamana. Kwenye kioo cha mbele, chaji ya betri ilikuwa bado zaidi ya nusu.

"Kumbe stendi ikiwa chini inakataa kwenda," alisema Magdalene polepole.

"Ina akili kumshinda mwenzako Gerishon na pikipiki yake," Mzee Kimeu akasema. "Si alisahau yake chini akatupwa kwenye mtaro? Mpaka leo anatembea kama bata."

Magdalene hakucheka. Aliitazama upya. Tangu aanze kazi hii hakuwahi kupata chombo chenye hofu kama yake, kinachokataa kuondoka kabla ya kila kitu kuwa tayari.

Alipakia mitungi tena, akafika kwa Njambi saa mbili kasoro robo, chai haijaanza kuchemka. Akampigia Ciku simu.

"Yule mtu akija jioni, arudi bila pikipiki yake. Lakini umuulize betri iliyoisha chaji hubadilishwa wapi upande wa Ruiru. Jumapili nataka kwenda kwa shangazi yako Wangeci."

"Kwani umeipenda, mum?"

"Nimesema umuulize."