Sarafu Pacha na Rundo la Maharage

Mimi nina ugonjwa mmoja: nikiambiwa kitu kimoja kimegeuka viwili, situlii mpaka nijue kimegeukaje. Ndiyo maana mwezi wa saba mwaka ule, baridi ya Sumbawanga ikiwa inang'ata masikio, nilipanda juu ya kichuguu katika shamba la mama, simu mkononi, na kwa kidole changu mwenyewe nikakaribia kumfilisi mtoto wa marehemu kaka yangu.

Nianze na kaka. Alikuwa wakala wa forodha kule mpakani Kasesya, akiwajazia wenye malori makaratasi ya kuvukia. Kila akipata cha ziada alinunua sarafu za kidijitali kidogo kidogo kwa simu, zile ambazo hazishikiki wala hazikai benki. Watu wa nyumbani walimcheka. Mimi sikumcheka, nilimsumbua kwa maswali. Ziko wapi? Nani anazilinda? Akanieleza kwamba zimeandikwa kwenye daftari moja kubwa ambalo nakala zake ziko katika kompyuta dunia nzima, na ufunguo wa fungu lake ni maneno kumi na mawili ya kawaida kabisa, mfano ngazi, chura, siki. Si hayo, jamani, sijachanganyikiwa. Mwenye maneno ndiye mwenye mali, basi.

Alipougua, ugonjwa wa wiki tatu tu, aliniita akanikabidhi simu yake ya zamani yenye pochi, yaani programu ya kutunzia sarafu hizo, pamoja na karatasi ya maneno iliyofungwa kwenye nailoni.

"Hii ni ya binti yangu, ya chuo," akasema. "Maneno haya usimpe mtu. Hata padri."

Nilicheka huku nalia. Binti akahamia kwangu, akamaliza kidato cha nne, akachaguliwa chuo cha uuguzi, na ada yake yote ilikuwa imelala kwenye karatasi ile. Hakuachiwa kitu kingine.

Sasa wiki ile nikasoma kwamba sarafu ya kaka imegawanyika. Wanaoiendesha wameshindwa kuelewana juu ya kanuni, kila upande umeshika njia yake, na lile daftari moja limekuwa mawili. Aliyekuwa na sarafu kumi saa ile ya kugawanyika, sasa ana kumi upande wa zamani na kumi upande mpya. Lo! Nilisoma mara nne. Mimi ni mwalimu wa hesabu shule ya msingi, na tangu nianze kazi nawaambia watoto kwamba ukigawanya, kila fungu linakuwa dogo. Hiki kimegawanyika kikaongezeka! Nasema kweli, haikuwa tamaa. Nilitaka kuiona hiyo pacha kwa macho yangu.

Jumamosi tukaenda mimi na binti kijijini kwa mama, si mbali na mjini, kumsaidia kutoa mahindi ya mwisho. Kule mtandao unapatikana juu ya kichuguu tu. Nikasingizia napiga simu ya kazini, nikapanda. Nilikuwa nimeshaona programu inayojitangaza kwamba inakusanya sarafu pacha: unaipa maneno yako kumi na mawili, yenyewe inakuletea. Nikafungua fundo la kanga, nikatoa karatasi, nikaanza kuandika. Nilikuwa nimefika neno la kumi na moja niliposikia mama anafoka.

Mfugaji alikuwa amekuja na ng'ombe wake. Kila mwaka, mavuno yakishatoka, wafugaji hupita kuomba mabua. Ng'ombe wanakula, shamba linabaki na samadi, kila mtu anafurahi. Yule bwana alikuwa amesimama na fimbo yake mabegani, mpole.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Ng'ombe hawaingii."

"Lakini mama, mahindi si yameshatoka?"

"Mahindi yametoka. Maharage yangu yako rundo huko nyuma ya kichuguu. Nitoe vyangu vyote, nizunguke mwenyewe, ndipo nikufungulie. Njoo Jumamosi ijayo."

"Ng'ombe wangu hawana tabia mbaya, mama."

"Sijasema wana tabia mbaya. Nimesema ni ng'ombe."

Mama alikuwa na sababu. Miaka kadhaa nyuma alitoa mahindi, akafungulia ng'ombe wa watu, akasahau maharage ya mbegu aliyoyarundika upande wa pili yakauke. Jioni hakukuta hata ganda. Alilia siku hiyo, na kaka, ambaye alikuwa amekuja likizo, akamwambia, "Usilie mama, nitakununulia ng'ombe wako mwenyewe. Huyo akila maharage, angalau atakulipa maziwa." Mama akaishika ahadi hiyo kwa mikono miwili. Ng'ombe hakuja. Kaka alipofariki, mama katikati ya kilio akasema mbele ya watu wote, "Na ng'ombe wangu je? Umeniongopea." Niliona aibu mpaka nikatoka nje.

Basi nikiwa juu ya kichuguu nikaitazama simu. Programu hii ni ya nani? Simjui. Labda ni mtu mwema, labda mwizi, na mpaka leo sijajua. Ila maneno niliyokuwa nayaandika yanafungua pande zote mbili, wa zamani na mpya. Nilikuwa nataka kumwonyesha mgeni mabua na kumbe mahindi yote bado yamesimama! Nikafuta neno moja moja, yote kumi na moja, nikazima simu. Nikashuka, nikamwambia binti kila kitu, maana mali ni yake.

"Shangazi!" akasema. "Kwa hiyo hatuitaki hiyo pacha?"

"Tunaitaka. Ila tunavuna kwanza."

Kesho yake baada ya misa tukakaa sebuleni mjini. Kwenye simu yangu tukafungua pochi mpya kabisa yenye maneno mapya kumi na mawili, binti akayaandika kwa mkono wake, bila kupiga picha. Tukahamisha kwanza kipande kidogo cha sarafu za zamani, cha kujaribia. Tukangoja. Kilipofika tukahamisha zote, tukangoja tena mpaka mtandao ukathibitisha. Akili yangu ilifurahi ajabu pale nilipoelewa: kuhama kumetokea kwenye daftari la zamani peke yake. Kwenye daftari jipya hakuna aliyehama, pacha bado inasubiri kwa maneno yale yale ya kaka. Kwa hiyo maneno ya kaka sasa yangeweza kupewa programu yoyote, na ikiwa ni ya mwizi ataiba pacha tu.

"Haya, niyaandike?" nikauliza, kidole tayari. Mimi huyo huyo!

"Ngoja," binti akasema. "Bibi huwa anazunguka shamba zima kwanza."

Haki ya Mungu, nilitaka kumkaripia. Pochi ya kaka ilikuwa inaonyesha sifuri, tuzunguke wapi? Lakini akachukua simu ya baba yake, akaanza kubonyeza kila mahali, polepole, kama bibi yake anavyopita tuta kwa tuta. Juu kabisa kulikuwa na kialama kidogo ambacho sikuwahi kukigusa. Akakigusa. Orodha ikashuka. Chini ya maneno yale yale kumi na mawili kulikuwa na fungu la pili, na lilikuwa na sarafu ndani yake. Kaka alikuwa ameliandikia jina.

Binti alisoma, akanipa simu. Nikasoma na mimi.

Tulilihamisha fungu lile nalo, peke yake, kwenye pochi nyingine. Ndipo katika simu chakavu isiyo na kitu kingine nikaweka ile programu, nikaipa maneno ya kaka, na pacha ikatokea! Niliishangaa kama mtoto. Tuliiuza siku ile ile, ikatupatia mifuko miwili ya mbolea. Binti alicheka mpaka akashika ubavu.

Jumamosi tukarudi kijijini. Maharage yalikuwa yameshaingia ndani, mama ameshazunguka shamba lake, na ng'ombe wa yule bwana walikuwa wametawanyika kwenye mabua. Mama alikuwa amekaa mlangoni akipepeta. Nikachuchumaa mbele yake na ile simu ya zamani.

"Mama, kaka aliacha fungu lingine. Ameliandikia jina."

"Jina gani?"

"Ng'ombe wa Mama."

Ungo ukasimama. "Aliandika lini?"

Nikamwonyesha tarehe ya sarafu ya kwanza kuingia, ingawa hasomi vizuri namba ndogo. Ilikuwa wiki ile ile maharage yalipoliwa. Baada ya hapo alikuwa anaongeza kidogo kila mwezi, mpaka mwezi aliougua. Nikamwambia sasa inatosha ng'ombe, tena na ndama wake.

Mama hakulia. Alitazama maharage kwenye ungo, akatoa moja bovu, akalitupa.

"Na mimi nilimwita mwongo," akasema. "Mbele ya watu."

Binti akaenda kukaa ubavuni kwake, akamwegemea begani. Tulikaa hivyo hivyo. Baadaye mama akajifuta mikono kwenye kanga, akasimama, akakinga jua kwa kiganja, akatazama shambani.

"Mwiteni yule bwana," akasema. "Mwulizeni kama yule mweusi mwenye doa kifuani anauzwa."