Kaptula Mbele ya Mama Mkwe

Ninyi mnaocheka huko nyuma, chekeni mmalize kabisa, maana nikianza kusimulia sitaki kukatizwa, na hasira yangu bado haijapoa. Ndiyo, ni mimi Kazadi, ni mimi niliyekutwa na mama wa mke wangu nikiwa kifua wazi na kaptula iliyopasuka, mbele ya Kolwezi nzima (haya, si nzima, lakini waliokosa kuona walisimuliwa kabla jua halijazama), na kila mtu anayeniambia ati ulikuwa mchezo tu, natamani kumtia kofi.

Ngoja niwaambie ulikuwa mchezo gani. Wakubwa wa kampuni walikuwa na uwanja wao wa tenisi kwenye klabu yao yenye maua na viti vyeupe, na sisi wa karakana hatukukanyaga pale isipokuwa kuja kutengeneza taa. Basi fundi umeme mmoja aitwaye Mwamba (Mungu amsamehe, mimi bado) akachora mistari ya chokaa kwenye sakafu ya saruji nyuma ya bohari ya zamani, akasimamisha katikati kipande cha mkanda wa mpira, ule mpana unaobeba mawe ya shaba kiwandani, kikawa ndio wavu wetu, akamwomba seremala atukatie raketi kwenye mbao za makasha, na mipira tukachukua ile iliyoisha manyoya ambayo wakubwa walikuwa wameitupa. Uwanja wenyewe mdogo, hata mzee mwenye kitambi anaufikia wote, unajifunza leo na leo hiyo hiyo unamshinda mtu, na hapo ndipo ulipo mtego. Sisi tulianza kazi ndevu zikiwa ndiyo kwanza zinaota, na tangu hapo ni king'ora, zamu, matusi ya chefu, mkubwa wetu wa karakana, Jumamosi salongo, kazi ya umma ya lazima, kufyeka majani ya barabarani huku tukiimba. Hakuna aliyewahi kutuambia kwamba tumefanya kitu vizuri. Halafu siku moja unapiga mpira, unavuka, chefu wako yule yule anaukosa, na watu wanalitaja jina lako kwa sauti. Mtu mzima akionja hicho kitu, basi, amekwisha. Mlevi wa pombe mke wake anamjua kwa harufu akiwa bado mlangoni, lakini sisi tulirudi nyumbani tukinuka jasho tu, tukasema ni kazi.

Ntumba, mke wangu, hakudanganyika, ila alikuwa na jambo kubwa zaidi la kuwaza. Alikuwa na mimba ya pili, imekaribia. Ya kwanza iliharibika akiwa peke yake nyumbani, bila mwanamke mtu mzima wa kumshika mkono, na tangu siku hiyo woga haukumtoka. Aliniomba kitu kimoja tu maishani: safari hii mama yake awe ndani ya nyumba. Tukatuma habari kwao Kasai, mama akakubali, akapanda treni.

Sasa, asiyekuwa Muluba kama sisi anielewe vizuri. Mama wa mke wako si mtu wa kuzoeana naye. Hamshikani mikono, hamli pamoja, ukikutana naye njiani unampisha ukiangalia chini, na mapaja yako asiyaone mpaka azikwe. Ukimvunjia heshima hiyo, hakanyagi mlango wako mpaka mzee wa ukoo wako aje na mbuzi na maneno ya kumwomba msamaha. Nililijua hilo tangu utoto. Ndiyo maana asubuhi ile nilivaa abakosti yangu ya harusi, ile suti isiyo na tai, suruali imenyooka kwa pasi, nikaenda stesheni kumpokea.

Stesheni wakasema treni imekwama Tenke, itafika jioni, labda. Mtu mwenye akili angekaa kwenye benchi na kungoja. Mimi nikamwona Mwamba anapita na baiskeli yake.

"Kazadi, chefu eko kule, anasema leo utalia," akaniambia. "Kuya tucheze moya tu. Treni tutaisikia."

Ati tutaisikia, Kolwezi hii hii, ambako treni za madini zinapiga honi kutwa mpaka watoto wanalalia kelele zake. Nikaenda. Nikavua abakosti, nikaikunja vizuri juu ya matofali, nikavua suruali, nikabaki na kaptula ya ujana wangu iliyokuwa inanibana (msiniulize kwa nini nilikwenda kumpokea mama mkwe huku nimevaa kaptula ya kuchezea chini ya suruali, jibu mnalijua, na ndilo linaloniuma kuliko yote). Chefu akanishinda. Nikasema siwezi kuondoka hivyo, tucheze tena. Nikamshinda mimi, yeye naye akasema haondoki hivyo. Shati likalowa, nikalivua. Honi ikapiga, Mwamba akasema hiyo ni ya madini. Ikapiga tena, na safari hii niliyesema ni ya madini ni mimi mwenyewe, kwa sababu zamu ya kuanzisha mpira ilikuwa yangu.

Kumbe mama ameshashuka. Alisimama pale stesheni na kapu lake la unga na kuku aliyefungwa miguu, Kiswahili hakijui sana, akamwuliza mpagazi kuhusu Kazadi. Makazadi wako wengi mjini, lakini mpagazi yule hakuuliza ni Kazadi yupi.

"Ule wa raketi?" akasema. "Hayuko ku nyumba, mama. Kuya nikuonyeshe."

Akapakia kapu kwenye baiskeli, akamleta.

Mimi wakati huo ndiyo kwanza nimepiga mpira wa mwisho, chefu ameukosa, nimeshinda, na kwa furaha nikaruka juu ya ule mkanda kama kijana. Mguu ukanasa. Nikaanguka kifudifudi, kaptula ikapasuka nyuma kuanzia juu hadi chini, watu wakacheka sana, halafu kicheko kikakatika chote kwa mara moja. Nikainua kichwa. Nikaona viatu vya plastiki, nikaona pindo la kikwembe alichojifunga, nikaona kuku.

Mama alinigeuzia mgongo, akajifunika uso, akakaa chini pale pale. Ningebaki nimelala ingekuwa nafuu, mtu angenitupia shati, yangekwisha kwa aibu ya kawaida. Lakini mimi mjinga nikadhani amezimia, nikamkimbilia, nikapiga magoti mbele yake na mapaja yote nje, nikamshika mkono nimwinue. Mkono, jamani. Mwamba, ambaye naye ni Muluba, akashika kichwa.

Mama akautoa mkono wake polepole. Akasema kwa Kiluba, bila kunitazama, kwamba amekuja kwa ajili ya mtoto wake, na nyumba ya mtu huyu hataikanyaga.

Na hakuikanyaga. Akalala kwa Mama Ngalula, jirani wa ng'ambo ya barabara. Mzee wangu wa kuleta mbuzi alikuwa mjomba, anafanya kazi kwenye mgodi wa manganizi kule Kisenge, na mpaka habari imfikie, mpaka apewe ruhusa, mpaka apate treni, Ntumba akashikwa na uchungu. Mimi nilikuwa kazini. Mama Ngalula mwenyewe alikuwa sokoni, alirudi akakuta mama amesimama mbele ya mlango wangu, vidole vya miguu vimegusa kizingiti, anamwita mtoto wake ajikaze atoke, na Ntumba anatambaa sakafuni kuja kwake, anasimama, anatambaa tena. Mlango ulikuwa wazi. Wakakutana nje, kwenye vumbi, watu wanatazama, na ndipo mama akamshika.

Wakampeleka maternite, hospitali ya wazazi. Huko nako mama alikaa pembeni ya kitanda, kwa hiyo mimi sikuweza kuingia, nikabaki kwenye ua wa nje, na wenzangu waliokuwa wanapita kwenda zamu wakaniuliza siku ile nani alishinda. Mama Ngalula akaja kuniambia ni mtoto wa kike, wote wazima. Nikamwuliza kama mke wangu amenitumia neno lolote.

"Anasema alikuomba kintu kimoya," akanijibu.

Nimewakasirikia wengi. Mwamba, mpagazi, chefu, watu wa reli. Lakini mtu aliyevaa ile kaptula chini ya suruali ni mmoja, na ninaishi naye.

Mjomba alipofika na mbuzi wake na maneno yakasemwa, mama akaingia ndani, na mtoto akaletwa nyumbani kutoka kwa Mama Ngalula, walikokaa tangu watoke maternite. Kitovu kilikuwa kimeshadondoka. Mtaa mzima ulikuwa umeshambeba, hata mke wa chefu, na nilipompokea mimi akalia kwa nguvu, kwa kuwa mikono yangu ndiyo pekee aliyokuwa haijui. Ntumba akanyoosha mikono amchukue. Nikakataa. Mwamba alikuwa nje anapiga mluzi, uwanjani wamepungukiwa na mchezaji mmoja, na mimi nikakaa pale na mwanangu akilia, mpaka mluzi ukakoma, mpaka naye akachoka akalala.