Sindano Aliyoikataa Zabron

Kwa miaka ishirini na sita, Pasaka ya Mlalo ilianza na pumzi ya Zabron. Alfajiri, usharika umesimama makaburini na ukungu umewafika magotini, yeye alipuliza tarumbeta la besi mpaka mbwa wa ng'ambo ya bonde wakajibu. Miaka sita ya mwisho alipulizia kando ya kaburi la mkewe, Marta. Alimwahidi hivyo siku ya kumzika.

Moyo ulipoanza kumchosha, alikubali kwenda Dar es Salaam kupasuliwa, wambadilishe valvu, kwa sababu hiyo hiyo: apulize tena.

Upasuaji ulikwenda salama. Kesho yake daktari wa ganzi, binti wa umri wa mwanawe Janeth, akaja kitandani.

"Shikamoo baba. Kifua kinauma?"

"Marahaba. Hakiumi, mwanangu."

Uongo mtupu. Kila akivuta pumzi aliona kama anachanwa upya. Daktari akamweleza kwa upole kwamba iko sindano ya ganzi, huchomwa kando ya uti wa mgongo, ikatuliza mishipa ya fahamu ya kifua, mgonjwa akaweza kuvuta pumzi hadi chini na kukohoa. Asipofanya hivyo, mapafu hunywea.

"Wape wanaoumwa," akasema Zabron. Mzee wa kanisa alie mbele ya mtoto? Thubutu!

Basi akawa anapumua juu juu, kama mwizi aliyejificha uvunguni. Kikohozi akakimeza. Walipomletea kile kichupa cha vigololi vitatu cha kuzoeza pumzi, alijifanya amelala. Siku ya nne homa ikapanda: nimonia, pafu la kushoto. Alitoka baada ya wiki tano, moyo mzima, pafu lina kovu.

Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua. Zabron aliumbuliwa na tarumbeta.

Pasaka hii alisimama palepale kaburini. Akapuliza, sauti moja ikatoka, ikakatika, kikohozi kikamkunja. Watu wakatazama chini kwa heshima, na heshima ile ndiyo iliyomchoma. Wapiga tarumbeta wenzake wakaendelea na wimbo bila besi. Alijuta, jamani, alijuta mpaka akaona haya kulitazama jina la Marta msalabani.

Janeth akamshika mkono. "Baba, inauma?"

Akafungua mdomo aseme hapana, kama kawaida yake.

"Inauma, mwanangu," akasema. "Hata kule hospitali iliniuma."