Otim na Mzigo wa Kwenda Kawempe

Jamani, katika watu wote waliofukuzwa shule darasa la sita Kampala hii, mimi ndiye mwenye akili kuliko wote. Sura pia ninayo. Na mgongo: magunia mawili ya sukari huku napiga simu. Bisha uone.

Hapo Otim angekuwa ameshajibu: "Profesa, wewe hata jina lako unaandika ukichungulia kitambulisho." Nimekaa naingoja komenti yake. Haiji.

Otim amekufa. Nimeandika, nimesoma, naona kama habari ya mtu mwingine. Sijalia. Nakula, nalala, napakia mizigo. Msiniulize kwa nini.

Kwa wasiomjua: alikuwa mbeba mzigo mwenzangu hapa soko la Kikuubo. Tulikulia kambi moja ya polisi, baba zetu makoplo wote wawili, wake Mwacholi Mkatoliki, wangu Mlugbara Mwislamu. Kwa Kiswahili tulitukana watu kabla ya kujua kusali.

Ndiye alinifundisha kufunga kamba. Siku moja tunapakia friji, mwenye friji anatetemeka. Otim akamwambia, "Mzee, hata wewe nikikufunga hapo, utafika na kofia kichwani."

Chapati yangu alikula nusu kila siku. Alisema ananisaidia kupunguza tumbo. Tumbo gani, banange?

Alikuwa na presha. Vidonge alimeza akikumbuka. Lockdown ilipokuja akaacha kabisa kwenda kliniki: "Huko ndiko korona inalala."

Wiki jana asubuhi tulikuwa kwa Mama Furaha, Mkongo anayetuuzia chai. Otim akashusha barakoa anywe. Chai ikamwagika upande mmoja wa mdomo mpaka kwenye shati.

Nikacheka, ssebo. Nikamwambia, "Mzee, nikutafutie chupa ya mtoto?"

Alitaka kunitukana, maneno yakatoka yamelowa. Mkono wa kulia umelala juu ya benchi kama umesahauliwa na mtu.

Mama Furaha akatua birika. "Muangalie kinywa yake, inaenda upande! Mumupeleke ku lopitalo, sasa hivi!"

Otim akatikisa kichwa. Nilimwelewa kwa shida. "Siendi. Watasema korona. Watanizika na plastiki."

Mnajua alichoogopa. Sote tumeona: mtu anaingia hospitali na kikohozi, anatoka ndani ya mfuko, wanaume wa nguo nyeupe wanamfukia haraka, ndugu wako mbali wanatazama. Kwao Otim mtu anazikwa nyumbani, karibu na baba yake. Mahali pa kaburi lake alikuwa ameshamwonyesha mke wake.

Bosi wa stoo tunakopakia naye aliogopa yake. Akisikika mgonjwa mmoja, stoo inafungwa, sote karantini. Akaninong'oneza, "Mpeleke kwake. Kimyakimya."

Siku hizi bodaboda hairuhusiwi kupakia mtu. Mzigo, ruksa. Basi nikamlaza Otim kwenye mkokoteni, maboksi ya sabuni pembeni, turubai juu. Nikamwambia, "Leo wewe ni mchele. Mchele haukohoi."

Akacheka kwa upande mmoja wa uso.

Kwenye kizuizi askari akauliza, "We kijana, iko nini hapo?"

"Mchele, afande. Ya Kawempe."

"Pita, pita! Unaziba barabara."

Nilijiona jenerali. Hospitali kubwa iko njia hiyohiyo. Nikapita geti lake nasukuma mpaka kwake Kawempe, jasho tupu.

Mke wake, Mama Scovia, alifunua turubai akaniangalia. "Shemeji, mbona umemleta hapa?"

"Amekataa mwenyewe."

Majirani wakaleta majani ya mkaratusi na malimau. Tukamfunika blanketi, tukamfukiza. Siku hizi kila ugonjwa tunaufukiza. Jasho lilimtoka, sauti haikutoka tena. Kesho yake mchana akatuacha.

Na wale wa nguo nyeupe walikuja palepale nyumbani. Walichukua kipimo puani mwake, wakamzika Kampala hapahapa, na plastiki. Mama Scovia alisimama upande wa pili wa barabara.

Majibu yalirudi: korona hana. Daktari aliyeleta majibu akauliza mdomo ulipinda lini. Nikamweleza. Akasema ni stroke, yaani kiharusi, na kwamba siku ileile wangekuwa na la kujaribu. Mimi niliangalia viatu vyake. Vilikuwa safi sana.

Jana nilipita kwenye kile kizuizi, nikamuuliza yule askari: ningekuwa na mgonjwa je? Akanishangaa. "Mgonjwa? Si ungesema tu. Tungekufungulia njia."

Nyie mnaonisoma: mdomo ukienda upande, mkono ukilala, kifua kikibana, msifukize. Msingoje. Nendeni, hata kama mnaogopa.

Na mnaoniandikia inbox, "Profesa usijilaumu, uliheshimu alivyotaka," asanteni. Lakini acheni.

Otim, kaka yangu, lala. Usingizi wako uwe mzuri kuliko mahali walipokuweka. Scovia nitamsindikiza shule zikifunguliwa. Wengine hawa wasome na hili, wewe unalijua.

Pale kwenye geti la hospitali mkono wako wa kushoto ulitoka chini ya turubai. Ulinishika shati, ukanivuta kuelekea getini. Ulikuwa umebadili mawazo, na mimi nilikuelewa vizuri kabisa. Askari walikuwa karibu, watu wanatazama. Nikaushika mkono wako, nikaurudisha ndani, nikasukuma.