Taa Iliyohesabiwa kwa Kiha

Siku yangu ya kwanza kazini nilitapika mara tatu mashuani kabla ya kuukanyaga mwamba wa mnara. Mimi ni Muha wa Kasulu, mtu wa milima na maharage; ziwa nililijua kwa dagaa tu. Mkuu wa Mnara, Mtanga mmoja mwenye tumbo na maneno, alinitazama juu mpaka chini. "Nimeomba mtunza taa, wameniletea mkulima," akasema. "Haya, panda ngazi, mkulima."

Ninyi mliozaliwa na swichi, sikilizeni. Mnara ule ulijengwa mbali na ufuko, juu ya mwamba uliokuwa ukivunja mashua, na mawe yake yalivushwa kwa mitumbwi. Taa ilikuwa karabai kubwa ya mafuta yanayosukumwa kwa pampu. Kuizunguka palikuwa na pazia la bati lililoendeshwa na mtambo kama wa saa ya ukutani: unapandisha jiwe zito kwa mnyororo, linashuka polepole, pazia linafunga na kufungua. Mwako mmoja, kisha giza la sekunde tano. Mbele yetu, kuelekea bandarini, kulikuwa na taa ya rasi, na giza lake lilikuwa la sekunde tatu. Nahodha akiona ya rasi, anakata kuingia pwani. Akiona yetu, anakaa mbali na miamba.

Mkuu alinifundisha kuhesabu giza kwa mdomo, mwenyewe kashika saa yake ya mkono. Nikahesabu kama mama alivyonifundisha: rimwe, kabiri, gatatu, kane, gatanu.

"Komesha kilugha!" akafoka. "Hii ni kazi ya serikali. Kiswahili!"

Nikanywea. Saa yake ilikuwa imeonyesha sekunde tano kamili, lakini nani ambishie bosi?

Mwaka wangu wa nne, jioni ya mvua, mnyororo ukakatika. Meli ya abiria ilikuwa njiani, na ndani yake mke wangu Adelina, mjamzito wa miezi saba, akirudi kutoka kumzika shangazi yake. Saa ya Mkuu ilikuwa kwa fundi mjini. Tukang'oa pazia, Mkuu akashika kipande cha bati aizibe na kuifungua taa kwa mkono.

"Moja-mbili-tatu-nne-tano!" Hofu, jamani! Ilimtoka kwa mkupuo, giza likawa fupi kama la rasi. Nikaona taa za meli zikigeuka, zinakuja miambani.

"Mzee, unawaita!" nikapiga kelele. "Unawaita waje kufa!"

Nikampokonya bati. Rimwe. Kabiri. Gatatu. Kiha hakipendi haraka. Ukikiharakisha kinakukwama mdomoni. Kane. Gatanu. Mwako. Giza tena. Bati likaniunguza vidole, sikuliachia. Meli ikapiga honi ndefu, ikasimama, halafu ikarudi kwenye maji ya kina. Nililia kwa sauti, na sioni aibu kuwaambia.

Asubuhi Mkuu alichukua chaki akaandika mlangoni: *Mtambo ukiharibika, hesabu kwa Kiha.* Kisha akaketi mbele yangu kama mtoto wa darasa la kwanza. "Haya, mwalimu, nianzishie." Gatandatu, yaani sita, ilimtesa wiki nzima, ingawa haikuhitajika!

Alipohamishwa, ukuu wa mnara ukawa wangu, nikakaa nao mpaka kustaafu. Chini yangu walipita Mkurya, Mmakonde na Mchaga, na wote walihesabu kwa Kiha vizuri kuliko vijana wetu wa leo. Sasa taa inajiwasha yenyewe kwa umeme wa jua. Vema, sina kinyongo. Hakuna chombo kilichovunjika zama zangu, hata kimoja, na hilo hakuna wa kuninyang'anya.

Mimba ile ya Adelina leo ni mwalimu mkuu huku Busunzu. Juzi nilimtembelea ofisini, nikakuta amebandika ukutani tangazo kwa mkono wake: marufuku kuzungumza Kiha shuleni. Nilicheka mpaka nikashika meza.

"Baba, ni utaratibu wa shule," akasema.

"Utaratibu mzuri, mwanangu," nikamwambia. "Ila mimi ningeutii, usingezaliwa kuuandika."