Siku Nilipokataa Ini la Mbuzi

Mbuzi alichinjwa kwa ajili yangu. Nililijua hilo tangu tunashuka kwenye bodaboda, kwa sababu ngozi yake ilikuwa imetandazwa juu ya uzio, bado mbichi. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kufika nyumbani kwa kina mume wangu nikiwa mke wake, kijijini, ndani kidogo kutoka Usagara. Mama mkwe alikuwa mjane na aliishi peke yake, lakini alikuwa amefanya kila kinachofanywa mkwe anapokuja. Wanaume walikaa mbele ya nyumba na mume wangu. Sisi wanawake tulikaa mkekani upande wa nyuma: mimi, mama mkwe, majirani wachache, na mama mdogo, yaani mke wa mdogo wake marehemu baba mkwe. Mji wao unapakana na wa mama mkwe. Ni uzio wa minyaa tu unaotenganisha.

Mimi sili nyama. Sili samaki wala mayai, na maziwa sinywi. Nimezaliwa Kamanga, ng'ambo ya Mwanza, nikakua kwa samaki kama wengine wanavyokua kwa uji, kwa hiyo naelewa kwa nini watu hunishangaa. Nilipokuwa msichana nilifanya kazi kiwandani, nimesimama ndani ya buti za mpira mchana kutwa, nikitoa minofu ya sangara kwenye meza yenye baridi. Sikuapa, sikuokoka, wala hakuna daktari aliyenikataza. Ilitokea tu kwamba siku moja nilikaa kula nyumbani, nikamtazama samaki kwenye sahani, na mkono ukagoma. Baada ya samaki ikafuata nyama, kisha mayai, mwisho maziwa.

Niliacha kiwanda, nikapanga chumba cha kushonea nguo Mirongo, Mwanza mjini, kwenye nyumba ya familia ya Kihindu isiyokula nyama. Nikadhani sasa nimefika kwa watu wangu. Mama wa nyumba ile alinifundisha kupika dengu na choroko hadi nikazifahamu, lakini nilipokataa chai yake ya maziwa naye alikunja uso. "Ng'ombe anatoa mwenyewe," aliniambia. "Unakataa nini?" Wateja wangu wasichana waliniambia watu wa namna yangu wanaitwa vegani. Neno hilo sijawahi kulitamka mbele ya mama yangu mzazi. Yeye alishaniuliza kama nina mimba, halafu akauliza kama nimejiunga na dhehebu, halafu akanyamaza, na ukimya wake ulinikera kuliko maswali.

Mume wangu alinikuta tayari niko hivyo, na hakuwahi kulalamika. Kabla ya safari nilimuuliza mara nyingi kama amemweleza mama yake. Alijibu, "Nitampigia." Na mimi, kwa kuwa nilitaka kuamini, niliamini.

Sasa mama mkwe alikuwa amepiga magoti mbele yangu, ameshika kisahani kwa mikono miwili.

"Kula, mwanangu. Ini ni la mgeni."

"Asante sana, mama. Mbuzi nimemwona, na nimeshukuru kwa moyo wote. Ila mimi nyama huwa sili."

Alicheka kidogo, akiwatazama wenzake. "Hata ini?"

"Hata ini, mama."

"Basi nikupe maziwa. Yameganda vizuri."

"Na maziwa huwa sinywi."

Ulikuwepo wali, kwa sababu siku ile hakuna aliyepika ugali. Mgeni hupewa wali. Nilikuwa nimekwishanusa. Nikauliza kwa sauti ya chini kama umetiwa samli.

"Wali wa mkwe nitaupikaje bila samli?" alisema. Kicheko kilikuwa bado usoni, lakini macho yalikuwa yamekwishabadilika.

Ningeweza kukaa kimya. Badala yake, kwa kutaka kumwondolea usumbufu, nilisema, "Usihangaike, mama. Nitakunywa maji tu." Nikafungua mkoba, nikatoa chupa yangu niliyonunua stendi.

Mama mdogo alikuwa na tonge la wali mkononi. Alilirudisha kwenye sinia taratibu.

"Na maji amekuja nayo," alisema.

Akavuta beseni, akanawa mikono. Jirani aliyekaa karibu naye akanawa. Kisha mwingine. Kisukuma changu ni cha kuokoteza, sikushika yote waliyosemezana, lakini nilisikia neno mkwe, na nikasikia neno anajua. Waliinuka mmoja mmoja, wakasema wana kazi. Sinia la wali lilibaki limejaa, nzi wakaanza kulizunguka. Mama mkwe alifunika ini kwa sahani nyingine, akaingia nalo jikoni.

Nilimfuata mume wangu, nikamwita pembeni, tukaenda kusimama nyuma ya zizi. Nilikuwa nimekwishajiandaa kumgombeza kwa kutompigia mama yake. Nilipomweleza kilichotokea, alikaa chini pale pale kwenye majani.

"Wamenawa wote?"

"Wote. Kwani kuna nini?"

Akaniambia kwamba mtoto wa baba mdogo, mume wa yule mama mdogo, alifariki masika yaliyopita, kwa homa. Siku mbili kabla ya kuugua alikuwa amekula kwa mama yake mkubwa, yaani kwa mama mkwe. Tangu hapo kuna maneno.

"Maneno gani?"

"Unajua maneno gani. Wanasema macho yake mekundu."

"Macho yake mekundu kwa sababu anapikia mavi ya ng'ombe kwenye jiko lisilo na dirisha!"

"Mimi najua. Usinipigie kelele mimi."

Sote tuliokulia upande huu wa ziwa tunajua mwanamke mzee akishaanza kusemwa hivyo, kwamba ni mchawi, na hasa akiwa mjane mwenye shamba zuri, mambo yanaweza kuishia kwenye panga. Na mimi, mkwe wake, mtu wa mjini, nilikuwa nimekaa kwenye mkeka wake mbele ya watu wale wale, nikakataa kila kilichotoka jikoni kwake, kisha nikafungua chupa ya maji.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Ungekubali kuja?"

Alinishika mkono. "Nenda ukale kipande kimoja. Kimoja tu, hadharani, wamwone anakupa na wewe unakula. Nakuomba."

Nilisimama pale nikilitazama jambo lenyewe. Upande mmoja kulikuwa na kipande cha ini. Upande wa pili kulikuwa na yule mama. Sioni aibu kusema kwamba niliamua upesi. Nilikwenda moja kwa moja jikoni.

Alikuwa amekaa kwenye kigoda, moshi ukimpita usoni, na hakuwa anapika chochote.

"Mama," nilisema, "naomba lile ini. Nitakula nje, wakiwa wanaona."

"Amekwambia."

"Ndiyo, amenieleza."

"Muda gani hujala nyama?"

"Miaka mingi."

"Ukila leo, tumbo litafanya nini?"

Jibu nilikuwa nalijua. Niliwahi kudanganywa kwa mchuzi kwenye harusi moja mjini, nikaumwa mpaka asubuhi.

"Ukitapika hapa nyumbani kwangu," alisema, "kesho watasema nini juu yangu?" Akachukua kile kisahani, akamwaga ini sufuriani pamoja na nyama nyingine, akafunika. Kisha akageuka. "Nikuulize, na usinidanganye. Unaniogopa?"

"Hapana, mama."

Jibu lilitoka haraka mno, na wote wawili tulisikia. Aliliacha lipite.

"Haya. Niambie basi, wewe unakula nini."

Nilianza kumweleza mambo ya dengu, akanikatiza. Yeye alitaka vitu anavyovijua. Ugali wa udaga, ule wa muhogo? Nakula. Mlenda usio na samli? Nakula. Karanga? Nakula. Matobolwa, vile viazi vitamu vinavyochemshwa na kukaushwa? Nikamwambia nimevikulia kwetu. Alipiga paja lake kwa kiganja, akacheka kicheko kifupi kisicho na furaha.

"Nimekuchinjia mbuzi mzima, kumbe wewe unakula chakula cha mwaka wa njaa!"

Tulikuwa tumepanga kuondoka asubuhi na mapema. Mama mkwe alikataa. Alisema tukiondoka alfajiri watu watasema nimekimbizwa hospitali. Na alisema kweli, kwa sababu jua lilikuwa halijapanda sana tulipomwona baba mdogo akiingia uwanjani na balozi wa nyumba kumi na mzee mmoja wa pale kijijini. Nilipiga goti, nikawaamkia. Mzee na balozi waliitikia marahaba. Baba mdogo hakuitikia.

"Tumekuja kumuuliza mkwe," alisema, akimtazama mume wangu badala yangu. "Jana amekataa chakula cha mama mkwe wake. Ana sababu. Aiseme."

Niliwaeleza habari za kiwandani, na jinsi mkono ulivyogoma. Nikiwa naeleza nilijisikia mwenyewe jinsi yanavyosikika mbele ya watu ambao utajiri wao ni ng'ombe. Balozi alikuna kidevu. Mzee aliuliza kama nimetumwa na kanisa. Nikasema hapana. Kama ni ugonjwa. Hapana.

"Kwa hiyo hupendi tu," baba mdogo alisema. "Mtu anakataa ini kwa sababu hapendi. Hayo tuyaamini?"

Kabla sijajibu, mama mkwe alitoka jikoni amebeba mafiga. Alikwenda na kurudi mpaka yote yakafika, akayapanga katikati ya uwanja. Akaleta chungu kipya, kisichowahi kuonja samli. Akakoka moto, akaanza kupika mbele yao. Hakuna aliyemkaribisha mwenzake kukaa, lakini hakuna aliyeondoka. Watu walianza kusimama kwenye uzio. Mama mdogo alikuwa miongoni mwao, amefunga kanga kichwani, mikono ameikunja kifuani. Nilimwangalia nikakumbuka kwamba huyu ni mama aliyezika mtoto, na hasira niliyokuwa nayo juu yake ikapotea, ikabaki hofu peke yake.

Ugali wa udaga ulisongwa, mlenda ukachotwa, matobolwa na karanga vikawekwa kwenye ungo. Mama mkwe alinimiminia maji, nikanawa. Akakaa mbele yangu kwenye mkeka, sahani moja katikati yetu.

Hapo ndipo lilinijia jambo ambalo sikulitarajia. Nilimega tonge, nikalitazama, nikaogopa. Nilikuwa nimemwona akitia unga, akitia maji, kila kitu. Hata hivyo maneno yao yalikuwa yamekwishaniingia, na ule ugali ulionekana kama kitu ambacho sijawahi kukiona. Yeye aliniona. Hakuninyooshea kidole wala kunihimiza. Alimega tonge lake upande ule ule nilikomega mimi, akachovya, akala, akasubiri.

Nikala.

Nilikula tonge la pili, la tatu, nikaanza kupumua. Nikachukua karanga kiganjani, nikatia mdomoni, na punje moja ikapita njia isiyo yake. Nilikohoa. Nikakohoa tena, machozi yakanitoka, pumzi ikakata. Nilisikia mtu kwenye uzio akipiga ukelele. Mume wangu aliruka. Baba mdogo alikuwa tayari amesimama, na sitasahau uso wake: haukuwa wa huruma, ulikuwa wa mtu aliyepata alichokuja kukitafuta. Mama mkwe peke yake hakutikisika. Nilijipiga kifua, punje ikatoka, nikaitema mkononi na kuinyanyua juu ili waione.

"Karanga!" nilisema kwa sauti iliyokwaruza. "Ni karanga tu!"

Nikachukua kikombe cha maji ya mtungini kwake, nikanywa mpaka kikaisha. Halafu nikaendelea kula.

Balozi akavua kofia, akasogeza beseni. Alinawa, akachuchumaa karibu yetu, akamega. "Mlenda huu hauna chumvi," alisema. Mzee akacheka. Mtu mmoja kwenye uzio naye akacheka. Baba mdogo alisema neno moja, "Tutaona," akaondoka zake.

Tulikaa siku ile nzima na nyingine. Nilitembea uwanjani, nikafagia, nikachota maji bombani nikisalimia kila mtu kwa sauti, ili nionekane mzima. Usiku sikulala vizuri, wala mume wangu. Tulipokuwa tunaondoka tulimsihi mama mkwe aje nasi Mwanza. Alikataa. Akikimbia sasa, alisema, atakuwa amekiri.

Alikuja baada ya mavuno, kwa hiari yake, akiwa amemwachia jamaa shamba alilime. Anaishi na sisi. Ana jiko lake na sufuria zake, anakaanga sato harufu ikajaa nyumba, na mimi nafungua madirisha bila kusema neno. Wageni wakija, yeye ndiye anayeninong'onea mchuzi upi umetiwa nini. Bado haelewi. Aliwahi kuniambia kwamba angekuwa amenizaa yeye, angenichapa.

Mwaka huu mama mdogo alimleta mwanawe mwingine hospitali hapa mjini, na hakuwa na pengine pa kufikia. Baba mdogo hakuja naye. Mama mdogo alilala chumba kimoja na mama mkwe, sijui walizungumza nini au kama walizungumza. Asubuhi nilimkuta sebuleni amekaa kwenye ukingo wa kiti. Mama mkwe alimpa kikombe cha uji kwa mikono miwili, akampa na mtoto chake. Mama mdogo alimzuia mtoto kwa mkono. Alikishika kikombe chake kwa muda mrefu, mpaka uji ukaanza kufanya utando juu. Kisha akanywa. Baadaye akauondoa mkono mbele ya mtoto.